Mp3tag, Picard au beets: ipi ikupangie nyimbo zilizokosa tagi?

Maktaba nyingi za nyimbo huku kwetu hazikununuliwa, zilijikusanya zenyewe. Kuna zilizotoka kwenye flashi ya shemeji, zilizowekwa kwenye kibanda cha stendi, zilizoingia kwa WhatsApp, na zile za kanda za mzee zilizohamishiwa kwenye kompyuta kabla kanda hazijaliwa na unyevu. Ukifungua folda unakutana na kitu kama hiki:

AUD-20210317-WA0009.mp3
01 Track 1.mp3
juwata_jazz-sehemu_ya_2.MP3
Msanii ft Mwenzake - Jina la Wimbo - jina la tovuti.mp3
wimbo mpya (1) (1).mp3

Ukizipeleka kwenye programu ya kuchezea muziki, zote zinarundikwa chini ya "Unknown Artist", msanii mwenye nyimbo nyingi kuliko wote Afrika Mashariki.

Programu tatu ndizo zinazotajwa zaidi kila mtu anapouliza jinsi ya kusafisha rundo la namna hii: Mp3tag, MusicBrainz Picard na beets. Zote zinaandika tagi, zote zinabadilisha majina ya mafaili kwa kufuata kanuni unayoiweka mwenyewe. Zinapotofautiana ni pale tagi inapokosekana, na hapo ndipo pa kuangalia kabla hujachagua.

Jina la faili na tagi ni vitu viwili

Jina la faili ndilo unaloliona kwenye folda. Tagi ni maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili lenyewe: msanii, wimbo, albamu, namba, mwaka, aina ya muziki. Unaweza kubadilisha kimoja bila kugusa kingine, na ndiyo maana faili lenye jina zuri kabisa linaweza kuonekana "Unknown" kwenye redio ya gari.

Tagi za MP3 zilianza mwaka 1996 kwa mtindo uitwao ID3. Toleo la kwanza lilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la msanii lilipewa herufi 30. Chukua "Remmy Ongala & Orchestre Super Matimila". Hesabu herufi na nafasi: 30 zinaisha kwenye neno "Super", na Matimila wanabaki nje. Ukikuta faili la zamani lenye jina lililokatwa namna hiyo, aliyeandika hakuwa mvivu, nafasi ilimwishia. Aina za muziki nazo zilikuwa orodha ya aina 80 zenye namba. Polka imo. Taarab haimo. Matoleo ya ID3v2, yaliyoanza 1998, yaliondoa vikwazo hivyo, lakini mafaili mengi yanayozunguka mitaani bado yamebeba tagi za zamani peke yake, au hayana kabisa.

Albamu ambayo haikuwahi kuwepo

Kabla ya programu zenyewe, kuna jambo linaloharibu kazi ya wengi, na maelekezo mengi ya mtandaoni hayalizungumzii. Kanuni ya kawaida ya majina katika programu hizi ni folda ya msanii, ndani yake folda ya albamu, ndani yake namba na jina la wimbo. Kanuni hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba kila wimbo una albamu.

Muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya sabini na themanini haukuishi hivyo. Bendi ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi, nyimbo zikapigwa redioni moja moja, na watu wakazirekodi kwenye kanda zao. Zilizotoka Nairobi kwenye sahani ndogo za inchi 7 mara nyingi zilikuwa wimbo mmoja uliogawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Tagi ya albamu ikiwa tupu kwenye wimbo kama huo, huo ndio ukweli wake. Kuijaza kwa nguvu ni kubuni. Kwa hiyo kanuni yako ya majina lazima iwe na njia ya pili ya kupitia pale albamu inapokosekana, na programu unayochagua lazima ikuruhusu kuiandika.

La pili ni majina ya bendi. NUTA Jazz Band, iliyoanza 1964, ikawa JUWATA Jazz Band, ikawa OTTU Jazz Band, na leo ni Msondo Ngoma. Jina lilifuata jumuiya ya wafanyakazi iliyokuwa ikiimiliki. Ukiiachia kompyuta itakutengenezea folda nne za bendi moja, na mtu asiyejua historia atadhani ni bendi nne. Rai yangu: tagi ya msanii iachie jina la wakati ule wimbo uliporekodiwa, halafu tagi ya "msanii wa albamu" iandike jina moja tu, Msondo Ngoma, na kanuni ya folda isome hiyo ya pili. Historia inabaki ndani ya faili na folda inabaki moja. Programu zote tatu zinaweza kufanya hivyo, lakini si kwa wepesi ulio sawa.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo haya: tagi zinazokosekana inazitoa wapi, kanuni ya majina inafanyaje tagi ikiwa tupu, unaweza kurudi nyuma ukiharibu, inakudai nini, yaani kompyuta, bando na muda, na inamfaa nani. Kigezo cha kwanza ndicho kizito. Taarifa ya wimbo inaweza kuwa tayari imo kwenye jina la faili, inaweza kuwa kwenye hifadhidata ya mbali, au inaweza kuwa kichwani mwako tu.

Mp3tag

*Tagi inazitoa wapi.* Kwanza kabisa kwenye jina la faili, na hapa ndipo inapong'aa. Chagua mafaili yote yanayofanana muundo, bonyeza Alt+2, kisha uieleze jina limekaaje:

%artist% - %title% - %dummy%

Kila kilicho kabla ya kistari cha kwanza kinaingia kwenye msanii, kinachofuata kwenye wimbo, na %dummy% ni pipa la taka: jina la tovuti linatupwa humo. Mafaili mia tatu ya Bongo Fleva yaliyopakuliwa kwenye tovuti moja yanapata tagi kwa mkupuo, kwa sababu tovuti moja kwa kawaida hutumia mtindo mmoja wa majina. Yasiyofuata mtindo unayaona papo hapo kwenye jedwali, unayarekebisha kwa mkono.

Inaweza pia kuuliza hifadhidata za muziki za mtandaoni, MusicBrainz na Discogs. Hii ya pili ni ya wakusanyaji wa sahani za santuri, na kwa sahani za zamani za huku kwetu inafaa kujaribiwa kwanza. Utahitaji akaunti ya Discogs.

*Kanuni ya majina.* Alt+1 inafanya kinyume: tagi zinakuwa jina. Tagi ikiwa tupu, Mp3tag haikuulizi, inaacha pengo. Ukitumia %artist% - %title% kwenye wimbo usio na msanii, unabaki na jina linaloanza na kistari. Dawa ni kuipa mbadala:

$if2(%albumartist%,$if2(%artist%,Hajulikani))\%title%

Maana yake: tumia msanii wa albamu, akikosekana, msanii wa kawaida, naye akikosekana, weka neno Hajulikani. Alama ya \ inatengeneza folda. Namba ya wimbo iandike $num(%track%,2) ili ipate tarakimu mbili, vinginevyo wimbo wa 10 utakaa mbele ya wimbo wa 2 kwenye redio zinazopanga kwa herufi.

Kabla ya hapo, chuja yenye mapengo. Kwenye kisanduku cha kuchujia chini ya dirisha andika title ABSENT, na zile tu zisizo na jina la wimbo zinabaki mbele yako. Hiyo peke yake inaokoa jioni nzima.

Windows haikubali alama tisa kwenye jina la faili: \ / : * ? " < > na |. Mp3tag inaziondoa kimya kimya inapotengeneza jina. Nyimbo zetu zenye alama ya kuuliza ni nyingi, lakini hapo hupotezi kitu, maana alama inabaki salama ndani ya tagi.

*Kurudi nyuma.* Kuna kutengua kwa Ctrl+Z. Usiitegemee kwa kazi ya jana, tengeneza nakala kwanza.

*Inakudai nini.* Bure kwa Windows, ya kulipia kwa Mac. Ni nyepesi, inakwenda hata kwenye laptopu iliyochoka. Bila intaneti inafanya karibu kila kitu nilichoeleza hapa juu. Gharama yake ni macho na mikono yako.

*Inamfaa nani.* Mwenye mafaili yenye majina yanayosomeka lakini tagi tupu. Pia yule ambaye anazijua nyimbo zake na hataki programu imbishie.

MusicBrainz Picard

*Tagi inazitoa wapi.* Kwenye hifadhidata ya MusicBrainz, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la MetaBrainz na kujazwa na watu wa kujitolea duniani kote. Picard ina njia mbili za kuifikia. Kitufe cha "Lookup" kinatafuta kwa kutumia tagi zilizopo, kwa hiyo kwa faili tupu hakikusaidii. Kitufe cha "Scan" ndicho watu wanachokitamani: kinasikiliza wimbo wenyewe, kinatengeneza alama ya sauti ya huduma iitwayo AcoustID, na kuilinganisha na alama zilizokwisha kusajiliwa. Ile AUD-20210317-WA0009 isiyo na jina wala tagi (tarehe iliyomo ni ya siku faili lilipoingia WhatsApp, haihusiani na wimbo) inaweza kurudi ikiwa na msanii, albamu, mwaka na namba.

Inaweza. Inategemea kama kuna mtu aliyewahi kusajili wimbo huo. Kwa mastaa wa sasa walio kwenye mitandao yote ya muziki, na kwa CD za taarab na dansi zilizotolewa na makampuni ya Ulaya, bahati yako ni nzuri. Kwa wimbo uliorekodiwa studio ya mtaani Mwanza au Bukavu, usitegemee sana.

Kuna mambo mawili zaidi yanayoikwamisha kwetu. Alama ya AcoustID kwa kawaida inatengenezwa kwa dakika mbili za mwanzo. Wimbo uliobandikiwa tangazo la DJ au la tovuti mwanzoni alama yake inaweza kupotoka. Na nyimbo zilizotoka kwenye kanda mara nyingi kasi yake si ile ya asili, kwa sababu redio kaseti ya mzee ilikuwa inakimbia kidogo au inavuta miguu. Sikio lako linatambua wimbo bila taabu. AcoustID inahesabu mpangilio wa sauti, na sauti zikipanda au kushuka kwa pamoja inaona wimbo mwingine.

Kwa upande mwingine, Picard ndiyo pekee kati ya hizi tatu iliyotengenezwa na wenye hifadhidata wenyewe, na mlango wa kuchangia uko wazi. Ukijisajili unaweza kuingiza albamu ya kikundi cha taarab cha mtaa wenu na kutuma alama za sauti, na anayekuja nyuma yako na flashi kama yako akazikuta. Kama una nyimbo adimu na umezihakiki, hii ni kazi inayostahili kufanywa.

*Kanuni ya majina.* Inaandikwa kama hati ndogo ndani ya mipangilio, kwa lugha inayokaribiana na ya Mp3tag lakini si ileile. Namba ya wimbo hapa ni %tracknumber%, na folda zinatenganishwa kwa / badala ya \. Mbadala unaandikwa hivi:

$if2(%albumartist%,%artist%,Hajulikani)/$if(%album%,%album%,Bila Albamu)/%title%

Ile $if ya katikati ndiyo njia ya pili niliyoisema: albamu ikiwepo itumike, isipokuwepo folda iitwe Bila Albamu. Kubadilisha majina na kuhamisha mafaili ni hiari. Picard ikiwa mpya imezima yote mawili na inaandika tagi tu, jambo zuri kwa anayeanza. Majina mawili yakigongana inaongeza (1) mwishoni. Ina pia sehemu ya kugeuza herufi zenye alama kuwa herufi za kawaida kwenye jina la faili, ili Pépé Kallé asigeuke vijiboksi kwenye redio ya gari ya bei nafuu, huku tagi ikibaki na jina lake sahihi.

Angalia mtego huu. Ukiipa nyimbo moja moja zisizo na albamu na kubonyeza "Scan", Picard inatafuta albamu kwa kila wimbo, na wimbo maarufu unaweza kuwa kwenye mikusanyiko kumi. Unaishia na albamu arobaini, kila moja ina wimbo mmoja, na Mbaraka Mwinshehe ametawanyika kwenye folda za "Various Artists". Kwa albamu kamili, hadithi ni nyingine kabisa: ziburute, zikusanye kwenye kundi moja, tafuta, na ikishaipata yote alama ya sahani inageuka dhahabu. Vijistari vya rangi kando ya kila wimbo vinakuonyesha ulinganifu, kijani kibichi ni sawa, ukielekea nyekundu sikiliza kabla hujahifadhi.

*Kurudi nyuma.* Kabla ya kuhifadhi, safu ya chini inaonyesha tagi ya zamani na mpya bega kwa bega. Baada ya kuhifadhi hakuna kutengua. Nakala kwanza, hapa bila mjadala.

*Inakudai nini.* Bure, kwa Windows, Mac na Linux. Intaneti ni lazima, lakini kinachokwenda ni alama fupi, wimbo wenyewe hautumwi, kwa hiyo bando haliumii. Linaumia kwa makava, yaani picha za jalada la albamu: zima upakuaji wa makava kwenye mipangilio kama unatumia bando la simu.

*Inamfaa nani.* Mwenye albamu kamili, CD alizozihamisha, muziki wa kimataifa na wa Kongo uliotolewa Ulaya. Na mwenye mafaili yasiyo na jina wala tagi, ambaye hana pengine pa kuanzia.

beets

*Tagi inazitoa wapi.* MusicBrainz kama Picard, na kwa nyongeza zake inaweza kutumia Discogs na AcoustID vilevile. Ina nyongeza iitwayo fromfilename inayokisia tagi kutoka kwenye jina la faili pale tu tagi zinapokuwa tupu. Inakisia yenyewe, huielezi muundo. Kwa majina nadhifu inatosha, kwa majina yetu yenye ft, mabano na matangazo, Mp3tag inaishinda kwa mbali.

Lakini beets ni kitu cha aina nyingine. Haina dirisha wala vitufe, kila kitu ni amri. Inatunza orodha yake ya nyimbo zote, kwa hiyo haisafishi siku moja tu, inasimamia maktaba kila siku. Kila folda mpya unaipitisha kwa beet import, nayo inakuonyesha ulinganifu kwa asilimia na kukuuliza: kubali, ruka, au chukua kama ilivyo.

*Kanuni ya majina.* Hapa ndipo inapowazidi wenzake, kwa sababu ina kanuni tofauti kwa hali tofauti tangu mwanzo:

paths:
    default: $albumartist/$album/$track $title
    singleton: Bila Albamu/$albumartist/$title
    comp: Mikusanyiko/$album/$track $title

Mstari wa pili, singleton, ndio muziki wetu wa redio: wimbo uliojitegemea, usio na albamu, una njia yake bila hila yoyote. Unaingiza kwa beet import -s na beets haikusumbui kuhusu albamu. Ukikosea na kuziingiza kama albamu ilhali hazina namba, kila moja itaitwa 00, folda nzima 00, 00, 00. Alama zisizokubalika inazibadilisha kuwa mstari wa chini yenyewe.

Kwa bendi yenye majina manne, amri moja ya beet modify inabadilisha msanii wa albamu kwa nyimbo zote za NUTA, JUWATA na OTTU na kuzihamishia folda moja. Mwakani ukipata nyingine, unarudia amri hiyohiyo.

Kutafuta mapengo: beet ls artist::^$ inaorodhesha nyimbo zote zisizo na msanii kwenye maktaba nzima, hata zikiwa maelfu.

*Kurudi nyuma.* Isipoambiwa vingine, beets inanakili mafaili kwenda folda ya maktaba na kuandika tagi kwenye nakala, ya asili inabaki ilivyo. Ni salama kuliko wenzake wote, mradi diski ina nafasi maradufu. Pia beet move -p inakuonyesha kitakachohamishwa bila kukihamisha.

*Inakudai nini.* Bure. Inahitaji Python, lugha ya programu iliyoandikiwa, na moyo wa kuandika amri. Nafasi moja isiyo mahali pake kwenye faili la mipangilio na haiwaki. Mtu asiyewahi kugusa terminali, dirisha la kuandikia amri, asianzie hapa kwa sababu tu ya kusikia sifa.

*Inamfaa nani.* Mwenye maktaba kubwa inayoendelea kukua, mtu wa Linux, kituo cha redio cha jamii chenye fundi wa kompyuta, mtunza kumbukumbu wa kikundi cha muziki.

Kuchagua kwa hali uliyonayo

Majina ya mafaili yanasomeka, tagi ni tupu: Mp3tag. Usihangaike na hifadhidata ya mbali wakati taarifa iko mbele ya macho yako.

Majina hayasomeki, tagi hazipo, na nyimbo nyingi ni maarufu: Picard kwa "Scan", lakini zima kubadilisha majina. Iache iandike tagi, halafu majina uyatengeneze na Mp3tag kwa kanuni isiyotegemea albamu. Kuzitumia mbili kwa pamoja namna hii ndiko kunakowafaa wengi wenye Windows.

Una CD za taarab za familia zilizohamishwa bila intaneti, zote zinaitwa Track 1, Track 2: Picard tena, kwa albamu nzima nzima. Kama albamu haimo, orodha ya nyimbo iko nyuma ya kasha la CD. Iandike kwa Mp3tag, na ukipata wasaa iingize MusicBrainz.

Nyimbo za kanda, kasi mbovu, bendi zilizokufa: hakuna programu itakayokutajia waimbaji. Kaa na mtu aliyekuwepo, andika anachokwambia, kisha tumia Mp3tag kama ni mia mbili, beets kama ni elfu tano. Tagi ya maoni ni mahali pazuri pa kuandika nani alisema hivyo.

DJ au mwenye kibanda anayepokea flashi mpya kila siku: kama unamudu amri, beets na folda moja ya kuingizia. Kama humudu, Mp3tag, ambako unaweza kuhifadhi hatua zako kama kundi moja la vitendo na kuliendesha upya kwa kila flashi.

Lengo ni redio ya gari au spika ya flashi: programu yoyote itatosha, mradi majina yawe mafupi, yaanze na tarakimu mbili, na yasiwe na herufi za alama. Redio nyingi za bei nafuu hazipangi kwa tagi wala kwa jina, zinacheza kwa mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi. Kwa hizo, safisha nyimbo kwenye kompyuta kwanza, kisha ifute flashi yote na unakili folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaotaka usikie.

Una simu tu: zote tatu zimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Toa memori kadi, azima laptopu ya mtu kwa saa chache, nakili folda nzima pembeni kabla ya kugusa chochote, na anza na Mp3tag.